Mwano na Utani: Historia ya Kusaidiana katika Magole na Nchi ya Wakaguru

Magole ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, iliyoko pale milima ya Ukaguru inapokwisha na tambarare za bonde la mto Wami zinapoanza, kando ya barabara kuu itokayo Morogoro kwenda Dodoma, ikitenganishwa na mji mdogo wa Dumila na mto Mkundi. Mahali penye njia panda, mto wenye tabia ya kufurika na udongo unaozaa mahindi na mpunga hapawezi kubaki pa kabila moja kwa muda mrefu. Wakaguru wenyewe wamechanganyika hapo na Wasagara wa upande wa kusini, Wanguu na Waluguru wa upande wa mashariki, Wagogo waliotelemka kutoka magharibi, wafugaji Waparakuyo, na wazao wa vibarua walioletwa na mashamba ya katani kutoka pembe zote za nchi. Kwa sababu hiyo historia ya Magole na viunga vyake inafaa kusomwa na yeyote anayetaka kufahamu jinsi watu wanavyoamua nani akimbiliwe anapopata shida na nani aachwe ahangaike peke yake.

Wataalamu wa saikolojia jamii, yaani elimu inayochunguza mwenendo wa mtu anapokuwa miongoni mwa wenzake, walianza kulipima swali hilo kwa majaribio katika miaka ya 1960. Katika nchi ya Wakaguru, hata hivyo, lilikuwa limekwisha kupatiwa majibu mawili ya kimila, nayo hayafanani hata kidogo. Jibu moja ni utani, desturi inayomtwika mtu wa nje ya ukoo ile kazi nzito ambayo wa ndani hawawezi au hawaruhusiwi kuifanya. Jibu jingine ni mwano, ukelele wa hatari unaowakusanya walio wa ndani na, kwa tendo hilohilo, kuwaonyesha ni nani aliye wa nje. Desturi hizi zote ni za kusaidiana, na zote zimesifiwa kuwa mila njema, lakini moja imezoea kuishia katika mzaha na nyingine imewahi kuishia katika damu.

Msingi wa zote mbili ni ukoo. Wakaguru, kama majirani zao Wasagara, Wavidunda wa upande wa Kidodi na Mikumi, Wanguu, Wazigula na Waluguru, huhesabu nasaba kuukeni, maana yake mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwanamume mwenye usemi mkubwa juu ya mustakabali wake kwa mujibu wa mila ni mjomba, ndugu wa kiume wa mama. Mjomba alichangia mahari ya mpwa wake na kulipa faini zake, naye akapata haki ya kugawana mahari ya mpwa wa kike. Upande wa baba haukukosa nafasi, kwa kuwa ulitoa baraka na kupokea sehemu ya mahari, lakini deni la damu lilidaiwa kuukeni. Aidha, kila eneo lilikuwa na ukoo mmoja uliotambuliwa kuwa ndio wenyeji wa ardhi, ambao wazee wake waliongoza tambiko la mvua na rutuba, na watu wa koo nyingine walikaa hapo kwa ndoa, kwa urafiki au kwa kuomba. Katika mpangilio huo msaada haukuwa fadhila. Ulikuwa wajibu wenye anwani, na aliyeukwepa alijulikana kwa jina, akasemwa kwenye pombe, na siku ya shida yake mwenyewe akakuta ua wake mtupu.

Ubora wa mpangilio wa namna hii ni kwamba hakuna anayesubiri mwenzake atangulie, kwa sababu kila mmoja anajua zamu yake. Udhaifu wake huonekana pale shida inapowaangukia wote wa ndani kwa pamoja. Kifo ndicho mfano mkubwa. Katika fikra za Wakaguru, kama zilivyo za jamii nyingi za mashariki mwa Tanzania, msiba huwaacha jamaa wa marehemu katika hali ya uchafu wa kimila, ambao si uchafu wa mwili bali ni hatari inayoambatana na mauti, na wakiwa katika hali hiyo hawafai kushika maiti, kuchimba kaburi au kuondoa vitu vya marehemu bila kujidhuru wao na kizazi chao. Wenye uchungu zaidi na wajibu mkubwa zaidi ndio hao hao waliofungwa mikono. Hapo ndipo alipohitajika mtani.

Utani ni uhusiano wa mzaha uliokubaliwa, unaowaruhusu watu wa pande mbili kutukanana, kunyang'anyana vitu vidogo na kudharauliana hadharani bila mtu kukasirika wala kushitaki. Mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown, katika makala aliyoichapisha mwaka 1940, alieleza kuwa mahusiano ya aina hii yanachanganya urafiki na ugomvi kwa makusudi, ili watu wanaotofautiana kimasilahi wapate namna ya kukaa pamoja. Maelezo hayo ni sahihi lakini yana upungufu kwa upande wa Tanganyika, kwa sababu yanauweka mzaha mbele na kazi nyuma, ilhali wenye utani wenyewe huanza na kazi. T. O. Beidelman, Mmarekani aliyefanya utafiti Ukaguru kuanzia mwaka 1957 na kuandika juu ya Wakaguru kwa zaidi ya nusu karne, alionyesha katika makala ya mwaka 1966 kwamba utani wa Wakaguru umefungamana na mauti, uzazi na ukwe, na kwamba watani wa ukoo ndio waliotakasa kile ambacho watu wa ukoo wenyewe hawakuweza kukigusa. Walizika, walifagia nyumba ya marehemu, walisafisha makosa mazito ya kujamiiana kwa ndugu, na ujira wao ulikuwa ni kuchukua wanachokitaka huku wakicheka.

Inafaa kuukazia macho mzaha huo. Mtani anayeigiza marehemu mbele ya wafiwa, akamsema alivyokuwa mchoyo au mpenda pombe, anafanya jambo ambalo kwa mtu mwingine yeyote lingekuwa tusi lisilosameheka. Lakini kwa kulifanya anatangaza kwamba msiba si wake, hivyo hauwezi kumdhuru, na kwa kuwa haumdhuru ndiyo maana anaweza kusaidia. Mzaha ndio leseni ya kazi. Fikra iliyomo humo ni tofauti sana na ile inayohubiriwa siku hizi, kwamba watu husaidiana kwa kuwa ni wamoja. Utani unasema kinyume: wapo wanaosaidia vizuri zaidi kwa sababu hawafanani nasi, na jamii yenye busara haiwaachi wageni wake wote wabaki wageni tu, bali huwachagua baadhi na kuwapa kazi.

Kwamba utani ungeweza kuvuka mipaka ya ukoo na kuwa kati ya kabila na kabila ni jambo lililosaidiwa na misafara. Katika karne ya 19 njia za kutoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi na Ujiji zilipita katika nchi ya Wasagara na Wakaguru, kwenye bonde la Mkondoa au kupitia Mamboya, na wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wakifia njiani mbali na jamaa zao wote. Henry Morton Stanley, aliyeivuka tambarare ya Mkata wakati wa masika ya mwaka 1871, ameacha maelezo ya jinsi maji na matope yalivyoutesa msafara wake. Bonde hilo lilikuwa likifurika muda mrefu kabla ya kuwapo daraja la kubomolewa. Mpagazi aliyekufa katika nchi ya watu alimhitaji mtu wa kumzika, na utani kati ya Wanyamwezi na makabila yaliyokaa kandokando ya njia uliwapatia wasafiri mtu wa namna hiyo katika kila hatua kubwa ya safari.

R. E. Moreau, ambaye kazi yake hasa ilikuwa uchunguzi wa ndege katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, lakini aliyekuwa na sikio la kusikiliza mambo ya watu, alikusanya habari za utani kutoka makabila mengi na kuzichapisha mwaka 1941 na 1944. Kumbukumbu alizozikuta ziliuunganisha utani wa makabila mara nyingi na vita vya zamani vilivyokwisha kwa suluhu, au na biashara. Mfano unaojulikana zaidi nchini ni Wangoni na Wahehe, waliopigana vikali katika miaka ya 1878 hadi 1882 na baadaye wakawa watani. Katika miaka ya 1970 Stephen Lucas na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliendeleza kazi hiyo kwa kukusanya masimulizi ya utani kutoka mikoa mbalimbali, na matokeo yake ni hazina ambayo haijasomwa kama inavyostahili.

Utani wa misafara ulipata makao mapya katika mashamba ya katani. Mkonge uliingizwa Tanganyika mwaka 1893 na Richard Hindorf, na reli ya kati ilipofika Morogoro mwaka 1907 na kuendelea kuelekea Kigoma, ambako ilikamilika mwaka 1914, ardhi ya Kilosa, Kimamba na Rudewa ilifunguka kwa mashamba makubwa ya mkonge na pamba. Wenyeji hawakuipenda kazi hiyo, maana walikuwa na mashamba yao, hivyo wenye mashamba waliwategemea manamba, vibarua wa mkataba walioitwa hivyo kwa sababu kila mmoja alitambulishwa kwa namba, na kuanzia mwaka 1944 kulikuwa na ofisi maalumu ya wenye mashamba, SILABU, iliyowaandikisha katika mikoa ya mbali. Mtu aliyegeuzwa namba alikuwa na sababu kubwa ya kutafuta atakayemwita kwa jina. Katika kambi za aina hiyo, kama ilivyokuwa pia Dar es Salaam ambako J. A. K. Leslie alifanya uchunguzi wake mwishoni mwa miaka ya 1950, mtu asiyekuwa na ndugu aliweza kuzikwa na watani wa kabila lake, na kabila likawa aina ya ukoo kwa waliotengana na koo zao.

Wakati manamba wakijifunza kuwa na kabila ili wasaidike, wenyeji walikuwa wakifundishwa kuwa na kabila ili watawaliwe. Gavana Donald Cameron alianzisha utawala wa kupitia machifu katikati ya miaka ya 1920, na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya mwaka 1926 ilizipa tawala hizo hazina, mahakama na mipaka. Ukaguru, nchi ya koo nyingi ambazo hazikuwa zikimtii mtawala mmoja, ikawa utemi wenye mtemi mkuu mwenye chimbuko la Mamboya. Mahakama za wenyeji ziliongozwa na Wakaguru na zilihukumu kwa mila za Wakaguru, hata pale mdai au mshitakiwa alipokuwa mtu asiyekuwa Mkaguru. Kile kilichokuwa tofauti ya koo, ambayo mtu angeweza kuivuka kwa kuoa au kwa kupewa shamba, kiligeuka tofauti ya hati: ama ni mwenyeji wa utemi, ama si mwenyeji.

Walioumizwa zaidi na mstari huo walikuwa Waparakuyo, ambao maandishi ya zamani huwaita Wabaraguyu na ambao majirani zao wakulima wamezoea kuwaita Wakwavi. Wao ni wafugaji wanaosema Kimaa, walioingia katika tambarare za Ukaguru katika karne ya 19. Kati yao na Wakaguru kulikuwa na biashara ya kila siku ya maziwa, ngozi na nafaka, na mahali pa kukutania palikuwa vilabu vya pombe. Beidelman aliandika mwaka 1961 juu ya uhusiano wa unywaji wa pombe na wizi wa ng'ombe katika utemi huo, na picha anayoichora ni ya watu wanaohitajiana bila kuaminiana: vijana wa Kiparakuyo huja kunywa wakiwa na fimbo, ugomvi huzuka, na ng'ombe anapopotea usiku hakuna jirani wa Kikaguru aliyeona kitu. Kanuni ya kusaidiana haikuwa imekufa hapo. Ilikuwa ikifanya kazi yake sawasawa, ila iliishia kwenye mpaka wa kabila, na anayekaa kimya kumlinda mwizi wa kwao alikuwa, machoni pa jamaa zake, amewasaidia wenzake.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini utani, uliowapatanisha hata waliowahi kuuana, haukuziba pengo hili kwa uzito kama ule wa misafara. Jibu moja linaloelekea kuwa na maana ni la makaburi. Utani wa mashariki mwa Tanzania umeshikizwa kwenye maziko. Anayekuwa mtani ni yule ambaye siku moja atashika jembe la kuchimba kaburi. Watu wa jamii za Kimaa, kwa mila ya zamani, hawakuwa wakizika wengi wa watu wao, bali waliulaza mwili porini, na kuepuka kulitaja jina la aliyekufa kulikuwa sehemu ya heshima kwake. Palipokuwa hakuna kaburi la kuchimba wala sifa za marehemu za kuigizwa, mtani hakuwa na pa kuanzia. Kilichobaki kati ya pande hizo mbili kilikuwa soko na pombe, navyo vinaweza kuwakutanisha watu kila juma bila kumdai yeyote amkimbilie mwenzake usiku.

Mwano ulijaza nafasi hiyo. Neno hili ni la kale na si la Wakaguru peke yao, kwa maana Wasukuma na Wanyamwezi nao hulitumia kwa ukelele wa hatari, ule ambao Kiswahili huuita yowe au mbiu. Mahali pasipo na polisi wa karibu, mwano ulikuwa taasisi kamili: anayeusikia hana ruhusa ya kuuliza kuna nini, anachukua silaha iliyo karibu na kukimbilia unakotokea, na anayebaki kitandani atatakiwa kujieleza kesho yake. Waswahili wanaposema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, wanagusia kanuni hiyohiyo, kwamba mlio wenyewe ni amri. Uhodari wa mwano ni kwamba unaondoa kusitasita. Mwaka 1968 Waamerika John Darley na Bibb Latané walionyesha kwa majaribio kwamba mtu anayesikia mwenzake akipatwa na hatari huchelewa zaidi kusaidia anapoamini wapo wengine wanaosikia, kwa kuwa kila mmoja humgawia jirani sehemu ya wajibu wake. Utafiti huo ulichochewa na mauaji ya mwanamke mmoja, Kitty Genovese, mjini New York mwaka 1964, ingawa habari za magazeti kwamba mashahidi wengi walitazama bila kufanya lolote zimekuja kuthibitika kuwa zilitiwa chumvi. Mwano ulilijua tatizo hilo na kulitatua kwa kuugeuza wingi wa wasikilizaji kuwa wingi wa mashahidi: kila aliyesikia alijua kwamba wenzake wanajua amesikia.

Lakini ukelele hauna macho. Katika miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza lilizuka miongoni mwa Wakaguru vuguvugu lililojiita Umwano, jina lililotokana na mwito huo wa kushika silaha, na shabaha yake ilikuwa wafugaji waliolaumiwa kwa kuharibu mashamba na kupiga watu. Beidelman alililinganisha, katika makala ya mwaka 1970, na Chama cha Wanafunzi wa Ukaguru, jumuiya ya wasomi waliopitia shule za misheni ambao nao walitaka umoja wa Wakaguru, ila kwa kalamu, mikutano na madai ya nafasi serikalini. Aliyaona yote mawili kuwa mavuguvugu ya ukabila, na kwa upande huo alikuwa na haki. Hata hivyo, yafaa kuongeza kwamba yote mawili yalikuwa pia mavuguvugu ya kusaidiana, na wanachama wake wasingekubali kuitwa wachochezi. Kijana aliyekimbilia mwano na mwalimu aliyechangia karo ya mtoto wa jirani walikuwa wakitekeleza wajibu mmoja kwa watu wa jina moja. Wema kwa wa ndani na ukali kwa wa nje havikutoka katika vyungu viwili.

Kuna majaribio mawili ya Ulaya yanayosaidia kulielewa jambo hili. La kwanza ni la Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyepoteza jamaa zake katika mauaji ya Wanazi na baadaye kufundisha Bristol, Uingereza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliwagawa vijana wa shule katika makundi kwa vigezo visivyo na uzito wowote, kama vile kudai kuwa wanapenda michoro ya msanii huyu kuliko ya yule, akakuta kwamba hilo pekee liliwatosha kuwapendelea wa kundi lao katika kugawa fedha. La pili lilichapishwa mwaka 2005 na Mark Levine na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lancaster. Mashabiki wa Manchester United walielekea zaidi kumsaidia mtu aliyeanguka akiwa amevaa jezi ya timu yao kuliko aliyevaa ya Liverpool au shati la kawaida. Lakini mashabiki walioandaliwa kwanza kujifikiria kuwa ni wapenzi wa mpira, bila kutajiwa timu, walimsaidia wa Liverpool karibu sawa na wa kwao, na yule mwenye shati la kawaida ndiye aliyebaki nje. Yaani mpaka wa kundi unaweza kusogezwa, na kwa muda mfupi tu, ila unaposogezwa haufutiki. Humkuta mtu mwingine upande wa pili.

Serikali ya Tanganyika huru ilijaribu kuusogeza mpaka huo kwa kiasi ambacho nchi chache za Afrika zilithubutu. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, mahakama za kikabila zikaondoka pamoja nao, na neno ndugu, ambalo Ukaguru lilikuwa na mpaka ulio wazi kuukeni na kuumeni, likawa cheo cha kila raia. Julius Nyerere alikuwa ameandika mwaka 1962 kwamba ujamaa ni kuupanua udugu wa familia ya Kiafrika hadi uwafikie watu wote. Mwezi Novemba 1973 alitangaza kwamba watu wote wa vijijini waishi katika vijiji vilivyopangwa kufikia mwisho wa mwaka 1976, na Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975 ikakipa kijiji serikali na mipaka. Udugu mpya ulifanikiwa kwa kiasi ambacho leo hakisemwi vya kutosha: mtu wa Kilosa hujitambulisha kwa kijiji na kitongoji kabla ya ukoo, na kuoana kwa makabila ni jambo la kawaida.

Lakini kijiji nacho ni jina lenye mpaka. Kulikuwa na vijiji vya wakulima, na kulikuwa na vijiji vichache vya wafugaji, kama Twatwatwa, na ng'ombe hasomi ramani. Ardhi ilipungua kutoka pande kadhaa kwa pamoja: Hifadhi ya Taifa ya Mikumi ilitangazwa mwaka 1964, ranchi ya serikali ilishika sehemu ya Mkata, na mashamba ya mkonge yaliyotaifishwa baada ya Azimio la Arusha yaliporomoka pamoja na bei ya zao hilo, mengine yakabaki vichaka vyenye hati na wasio na ardhi wakiyazunguka. Tarehe 8 Desemba 2000, baada ya siku kadhaa za mzozo juu ya mifugo, wafugaji waliwaua alfajiri watu 38 katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wakiwamo wanawake na watoto. Watafiti Benjaminsen, Maganga na Abdallah, walioandika juu ya mauaji hayo mwaka 2009, walikataa kuyaita uadui wa asili wa makabila. Walionyesha sera zilizowabana wafugaji na rushwa iliyowafanya wa pande zote waache kuyaamini mabaraza na polisi.

Hoja ya rushwa inastahili kupewa uzito, kwa sababu inaeleza kwa nini mwano ulirudi. Sungusungu, ulinzi wa kijadi ulioanzia kwa Wasukuma na Wanyamwezi mwaka 1982 na ambao serikali iliukubali na kuutambua kisheria mwaka 1989, ulikuwa umewafundisha wanavijiji wengi kwamba yowe linaweza kuwa na kamati, rejista na faini. Katika miaka ya 2010 vikundi vya wakulima vilivyoitwa Mwano vilisikika Kilosa na hasa Mvomero, ng'ambo tu ya Magole, na Desemba 2015 huko Dihinda, wilayani Mvomero, mifugo mingi ilikatwakatwa kwa mapanga. Picha za ng'ombe hao ziliishangaza nchi. Zisingemshangaza msomaji wa Beidelman, ambaye angelitambua jina, na angetambua pia kwamba waliokimbilia mwito huo hawakuwa wahuni bali wengi wao walikuwa watu walioogopa kuitwa waoga na majirani.

Mwezi Januari 2014 Magole yenyewe ilipatwa na msiba usiouliza kabila. Mvua kubwa ya milimani iliujaza Mkundi na mito mingine, maji yakavamia nyumba, watu wakakwama juu ya miti na mapaa, na barabara ya Morogoro hadi Dodoma ikakatika darajani, pande za Dumila na Magole zikabaki zikitazamana. Maelfu walipoteza makazi katika Kilosa, Mvomero na Gairo. Miaka minne nyuma, mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto Mkondoa ulikuwa umeubomoa ukingo wake na kuugharikisha mji wa Kilosa pamoja na reli, hivyo hata ofisi zilikuwa na uzoefu. Jeshi lilifika, Rais Jakaya Kikwete alifika, mahema yakafungwa, na watu ambao wasingeketi kilabu kimoja walilala safu moja. Katika saa za kwanza, kabla ya kufika kwa yeyote mwenye sare, aliyeokolewa aliokolewa na aliyekuwa karibu.

Kisha zikaja orodha. Msaada wa maafa nchini hupita katika serikali ya kijiji, na anayethibitisha kwamba fulani alikuwa na nyumba na kaya ya watu kadhaa ni mwenyekiti wa kitongoji na balozi wa nyumba kumi, ngazi iliyoundwa na chama cha TANU katika miaka ya mwanzo ya uhuru. Mfumo huo ni mzuri kwa mwenye nyumba yake mahali pamoja. Ni mgumu zaidi kwa mpangaji, kwa kibarua wa msimu aliyekuja kulima nyanya au mpunga, na kwa mchungaji ambaye boma lake lilihama mwaka uliopita. Hao, kwa lugha ya jaribio la Lancaster, ndio wenye shati la kawaida, na kwa lugha ya Ukaguru wa zamani ni watu ambao bado hawajapata mtani.

Utani wenyewe haujafa. Matangazo ya msiba siku hizi hutolewa kwa vipaza sauti vya msikitini na kanisani, michango huandikwa katika daftari, na jeneza huja kwa gari. Lakini kaburi likishachimbwa hutokea mzee mmoja, wa ukoo mwingine au kabila jingine, anayeshuka mle ndani, akajilaza chali na kukataa kutoka, akidai kwamba marehemu alikuwa na deni lake. Wafiwa humwangalia kwa hasira ya kuigiza, mtu hupitisha kofia, sarafu na noti chache hukusanywa, na akishazihesabu mbele ya watu wote hupanda juu, hujipangusa udongo, na kushika jembe.